Nani Kagusa Nyaya za Gari Langu

Kaeni wote, na mlango wa uani ufungwe, si kwa sababu ya upepo bali kwa sababu ya masikio. Bismillahi. Mimi Abdulrahmani Likwata, dereva wa hapa Kilwa Kivinje, akili ninayo, macho ninayo, kifua ndicho kilichonikimbia, nasema maneno haya mbele ya mke wangu Kidawa, mwanangu Dadi, mwanangu Mwanaima, na Kondo mume wa Mwanaima, ambaye sikumwita lakini nimemwona ameingia, basi akae, ila akae pale kwenye kigoda, nimwone mikono.

Madogo kwanza. Nyumba hii na minazi ya nyuma igawanywe kama dini ilivyosema, sheikh ataulizwa, mimi sina la kuongeza wala la kupunguza. Mikorosho ya Kikole ilimezwa na shamba la kijiji siku ile tulipoambiwa tuhame. Msiende kuidai, mtaitwa makabaila, na mimi sijazaa kabaila hata mmoja, ningezaa makabaila leo ningekuwa nakufa juu ya godoro. Jeki iliyo chini ya meza si yangu, ni ya jirani yetu marehemu Maftaha. Mrudishieni mwanawe, na mkimrudishia mwambieni kwa adabu kwamba baba yake amekufa na spana yangu ingali kwake.

Limebaki gari. Hilo ndilo nililowaitia. Leo hii, kabla ya magharibi, nataka niseme gari ni la nani, na siwezi kusema mpaka nijue ni nani kati yenu amekwisha ligusa. Msitazamane. Nitazameni mimi.

Mnalijua gari lile kwa nje, sikilizeni mlijue kwa ndani. Nililipata mwaka wa Uhuru, kwa meneja wa shamba moja la mkonge kule upande wa Lindi, Mzungu mwenye ndevu nyekundu aliyekuwa akifunga masanduku arudi kwao. Wenzangu walimwendea kwa makabati na vitanda. Mimi nilikwenda nikasimama mbele ya gari, nikalitazama kama mtu anayetazama mchumba, sikusema neno, asubuhi yote, mpaka mwenyewe akaona haya akanipa ufunguo. Masika yaliyofuata nikavuka nalo mto Mbwemkuru maji yakiwa juu ya taa, samaki wakinichungulia kwenye kioo, na atakayesema si kweli akawaulize samaki. Tangu hapo hakuna bibi harusi wa heshima, kuanzia Kivinje mpaka Lindi mjini, aliyekwenda kwa mumewe bila kukalia kiti changu cha nyuma. Nusu ya watoto mnaowaona barabarani wanalishukuru gari lile hata kama hawajui.

Sasa, umeme wake ni wa volti sita. Ndivyo lilivyozaliwa. Magari ya leo yote, Landrova za serikali, malori ya ushirika, hata pikapu ya muuza mafuta ya taa, ni ya kumi na mbili. Na kwa miaka yote hii kila mwenye bisibisi mkononi amenijia na neno hilo hilo: mzee, ligeuze, weka kumi na mbili, taa zitawaka, stata itazunguka. Nikawajibu wote sawa. Nyaya zilizowekewa sita ukizipitishia kumi na mbili ni kumtwisha mtoto gunia la mtu mzima. Zitaungua, gari litaungua, na bibi harusi ndani yake.

Hilo ndilo nililowaambia watu. Lakini nyinyi ni damu yangu, ukimtoa Kondo, basi nawapa na sababu ya pili, ambayo sijampa mtu. Mnakumbuka mwaka ule mikutano ya vijiji ilipopamba moto, kukawa na kipaza sauti kimoja kinazunguka kila kijiji, na kipaza sauti chenyewe hakisemi bila betri. Betri ya lori la kinu ikaazimwa, haikurudi. Betri ya pikapu ikaazimwa, ikarudi imekufa. Ikafika zamu yangu. Mwenyekiti wa siku zile akaja hapa na vijana wawili, akaniambia, "Ndugu Likwata, taifa linakuhitaji." Nikamwambia, "Taifa likinihitaji mimi nipo, lakini naona mnatazama boneti." Wakaing'oa. Wakaenda wakaifunga kwenye kipaza sauti chao cha kumi na mbili, na mkutano mzima umekaa chini unangoja, Mwenyekiti akafungua mdomo, sauti ikatoka kama ya mtu anayeongea chini ya shuka. Akakipiga chombo kofi, akakikemea, akakivulia kofia. Kina mama wakaanza kucheka. Kabla jua halijatua betri yangu ilikuwa mlangoni imefutwa vumbi, na salamu juu yake. Siku ile ndipo nilipojua nina hazina. Kitu cha volti sita hakimfai mtu mwingine yeyote duniani. Sikuhitaji kufuli. Sita yenyewe ndiyo kufuli.

Sasa mnaelewa kwa nini anayetaka kuligeuza gari langu namtazama kama mtu anayeulizia mahali ninapoficha funguo.

Kondo, usijikune. Ni wewe uliyekuja hapa na ukatibu wako wa kijiji cha Kikole, nikiwa ndio kwanza nimeanza kukohoa, ukala wali wangu, ukanawa, ukasema, "Baba, mimi nawaza tu. Gari lile lingefungwa betri mbili za sita zikaunganishwa, si zinatoa kumi na mbili? Lingefaa sana kijiji." Nawaza tu. Mtu anayewaza tu anajuaje kama nina betri mbili? Moja ilikuwa garini, wanaijua wote. Ya pili ilikuwa kwenye sanduku la mbao chini ya kitanda hiki, na mtu aliyejua ni mimi na mwenye kufagia.

Na Valentini naye, yule fundi wa umeme wa magari aliyekuja kutoka upande wa Masasi, mimi na yeye tuna letu. Wenyewe mlikuwapo kwenye harusi ile ya kule Rasbura, Lindi. Ni kweli taa zilififia, sikatai, taa za volti sita zina haya, zikiona watu wengi zinainamisha macho. Nikafanya akili, nikamweka kijana mbele ya gari na karabai, akatembea taratibu, mimi nyuma yake, bibi harusi nyuma yangu, vigelegele. Mpaka leo Rasbura hawataki harusi bila mtu wa karabai, wanadhani ni desturi ya masultani. Lakini Valentini alisimama kibarazani na kikombe chake cha kahawa akasema mbele ya waheshimiwa, "Jamani mpisheni, kipofu anaongozwa." Nikamwambia, "Fundi, wewe mwenyewe mtu hakuoni mpaka avunjikiwe." Watu walicheka, lakini walimcheka yeye kidogo kuliko walivyonicheka mimi, na hilo sijamsamehe. Nitamsamehe mwishoni, mnikumbushe.

Haya. Nimelala hapa, mnadhani nimelala. Mnaniletea uji, mnaniuliza hali, na kila anayeniuliza hali anageuza shingo kutazama bandani. Ndiyo maana tangu kifua kilipoanza niliificha hendeli, ile ya kuliwasha gari kwa mkono, mtu asije akaliwasha akaenda nalo nikiwa nakohoa. Nikadhani nimemaliza. Kumbe mtu hakuhitaji hendeli.

Juzi, mtoto wa jirani alipita bandani akabonyeza honi. Honi yangu naijua. Ilikuwa inakohoa kwa adabu, kama mkwe anayetaka kuingia. Juzi ikapiga kelele ya mbuzi aliyekanyagwa, nikainuka na kifua changu kibovu nusu nidondoke. Honi ya sita haipigi kelele vile mpaka imelishwa chakula cha mtu mwingine. Nikatia fimbo chini ya kitanda, nikalisukuma lile sanduku la betri. Likateleza kama halina kitu. Nikalivuta, nikafungua, nikakuta nazi mbili. Nazi. Mtu amechukua betri ya baba yake akamwekea nazi ili sanduku lisicheze.

Nikaanza kuchungua. Dadi, wewe mikono yako ina grisi, lakini mikono yako ina grisi tangu ulipoanza kazi ya lori la ushirika, na tena wewe tangu utotoni ulikuwa unaliogopa gari lile, likiwaka unakimbilia kwa bibi yako. Hata hivyo sikukutoa. Mwoga naye hutuma watu. Kondo sikumtoa hata kidogo, hasa nilipoona cherehani ya Mwanaima haisikiki tena. Ile cherehani ilikuwa inaimba mpaka adhuhuri, sasa kimya, nikajisemea, Kondo ameiuza, na mtu anayeuza cherehani ya mkewe hashindwi na betri ya mkwewe. Halafu jana nikafunikwa kanga hii hapa. Iangalieni pindo lake. Hivi vitundu si vya mende wala si vya cheche ya jikoni. Hivi ni vya tindikali. Maji ya betri yakigusa nguo huoni kitu, unaifua, ndipo inatoboka. Kwa hiyo mwenye betri yangu anashinda humu ndani na anavaa kanga au analala na mwenye kanga.

Basi nasema hivi, na malaika waandike. Aliyegusa nyaya za gari langu, huyo hatalipata. Awe wa kiume, awe wa kike, awe mkwe. Nimemaliza. Sasa ajitaje, au niwataje wote.

Mwanaima, kaa. Mbona unasimama? Mama Dadi, mwache nguo, usimvute. Sema tena.

Wewe?

Nyamazeni kidogo. Kondo, nawe kumbe hukujua. Naona uso wako umekuwa kama wa yule Mwenyekiti na kipaza sauti chake. Hii ni raha ndogo, lakini nitaipokea. Endelea, Mwanaima, sema polepole, ninakusikia.

Kwa hiyo cherehani haikuuzwa. Uliibadilisha mwenyewe na dainamo ya lori la kinu lililokufa, na katauti yake ya kuzuia umeme usirudi, na koili, na glopu za taa. Ukazifunga betri mbili pamoja. Na Valentini akawa anaingia kwa mlango wa nyuma kila alasiri nikilala, anakuelekeza, wewe unafunga. Na mama yako yuko kizingitini anachambua mchele, analinda. Kidawa. Kumbe ule uji mzito wa mchana, uliokuwa unasema umenipikia kwa mapenzi, ulikuwa wa kunilaza. Miaka yote hii nachunga mlango wa mbele.

Na nyaya? Mbona hazikuungua?

Ngoja nirudie nione kama nimeshika. Volti zikiwa chache, umeme wenyewe unapita mwingi, ndiyo maana nyaya za sita zilitengenezwa nene, na kumi na mbili ikipita humo inapita kwa raha. Hayo ni ya Valentini. Lakini ni kweli nyaya zangu ni nene, nimekuwa nikizisifu kwa watu. Sisemi nilikosea. Nasema nyaya zangu zilikuwa bora kuliko hata nilivyojua mwenyewe.

Sasa nijibu la mwisho na usinitazame chini. Kwa nini? Ulitaka kuliuza? Ulitaka kumpa mumeo akabebee korosho za kijiji?

Siku niliyoanguka.

Mliniambia daktari alisema nirudi nyumbani nikapumzike. Niliona mnasema wote kwa sauti moja, nikajua kuna kitu, watu wa nyumba hii hawajawahi kusema kitu chochote kwa sauti moja. Kwa hiyo alisema nipelekwe Lindi siku ile ile. Mkanibeba na kitanda, sijitambui, mpaka bandani, mkaniweka kiti cha nyuma, stata ikalia ng'oo, ikalia ng'oo, ikanyamaza. Mkasukuma mpaka sokoni. Dadi ukasukuma, wewe unayeliogopa. Na hendeli mkaitafuta.

Hendeli. Naam. Ipo kwenye paa la choo. Tuiache hendeli, haina maana tena kuizungumza.

Maji. Kidogo tu, usiniinue.

Sikilizeni, maana sasa pumzi nazihesabia. Siendi Lindi. Najua gari liko tayari, najua mmeniandalia shuka kiti cha nyuma, mmelifanya jambo zuri na mmelifanya limechelewa, na si kosa lenu. Nimesema aliyegusa nyaya hatalipata. Neno hilo nalifuta. Nani atanishitaki? Gari ni la Mwanaima. Nilimfundisha mwenyewe kuendesha, kwenye uwanja wa ndege wa Masoko, siku zisizokuwa na ndege, watu wakaniambia unamharibu mtoto wa kike. Nikawaambia afadhali nimharibu yeye kuliko Dadi aniharibie gia. Ni lake yeye, si la nyumba yake. Kondo, wewe utakaa nyuma. Ukihitaji kwenda mkutanoni utamwomba, akikataa utatembea, na kijiji kikilitaka kije kimwombe mwenyewe, kimvulie kofia.

Lakini kuna jambo, na hili nilifundishwa nikiwa mtoto, pengine ndilo pekee lililonibaki. Mwenye kurithi hausiwi. Nikimpa mwanangu mmoja kitu wakati wa kufa, haisimami mpaka wenzake waridhie kwa midomo yao. Dadi, ni wewe na mama yako. Mama yako alishachambua mchele, ridhaa yake naijua. Wewe ni mwanamume, fungu lako ni kubwa kuliko lake, ukisema hapana gari litakatwa vipande, wewe utapata injini na yeye atapata milango.

Umesema umeridhia. Nimesikia, na wote wamesikia.

Haitoshi. Ndivyo alivyosema sheikh nilipomwuliza, nikamwuliza tena nikidhani hakunielewa. Ridhaa ya leo, mgonjwa akiwa anapumua, haihesabiki. Inayohesabika ni ile ya baada ya kuzikwa. Yaani mpaka niwe siwezi kusikia. Nimelala hapa nikilitafutia njia jambo hili, jinsi ya kuisikia nikiwa mle chini, na sikuipata njia. Mimi niliyempata mwizi wa betri kwa vitundu vya kanga.

Mkinizika mnichukue mabegani, jeneza lisipandishwe gari, si desturi. Mwanaima aje nyuma yenu na gari, taa zimewashwa hata kama ni adhuhuri, Kivinje yote izione, na Valentini akae kiti cha mbele, nimemsamehe. Afike pale wanawake wanapoishia. Asimame hapo, asizime. Mkimaliza kufukia, Dadi, wewe usibaki kuongea na watu. Rudi mpaka kwenye gari, useme neno lako mbele ya sheikh na wenzako, kwa sauti, kupita injini.

Mungu awape umri. Awape... radhi zangu mnazo, wote, na Kondo naye, kidogo. Mama Dadi, ulinipikia vizuri.

Dadi. Maisha yangu yote sijamwachia mtu kitu nisichoweza kwenda kukikagua. Hiki nakuachia. Nakuamini. Usinijibu sasa. Kaa hapo hapo, nishike mguu huu, una baridi.